Kutyuni (kulinganisha sauti za) nyuzi za okestra ya vijana

Tenga dakika kumi kabla ya mazoezi. Mpiga obo, ala ya kupuliza, atoe noti ya A, hezi 440 (mitetemo 440 kwa sekunde). Wengine wanyamaze na kuisikiliza kwanza. Besi na chelo, ala za nyuzi zenye sauti nzito, zitangulie, kisha viola, mwisho fidla, kwa sababu zikianza fidla hakuna atakayesikia sauti nzito.

Uzi ulegezwe kidogo, kisha upandishwe hadi kwenye noti, huku kigingi, yaani kijiti cha kichwani kinachozungushwa kukaza uzi, kikisukumwa ndani. Kisiposukumwa huteleza, hasa hewa ikiwa kavu. Uzi wa E wa fidla utyuniwe kwa skrubu ndogo ya mkiani, yaani kwenye kipande kinachoshika nyuzi upande wa chini. Kwa kigingi hukatika upesi.

Lichunguzeni daraja pia, yaani kibao chembamba kinachoinua nyuzi juu ya ala. Nyuzi zikikazwa hulivuta kuelekea shingoni, na likianguka laweza kupasua ubao wa juu.