Usifagie Uwanja Kabla ya Kusoma Nyayo

Kumepambazuka tu, simu ikalia. Mama mmoja wa upande wa Kigumba, wilaya yetu ya Kiryandongo, Uganda: "Mwalimu, chui ameingia kwangu. Kuku wanne wamekwisha." Nilipofika na boda boda, majirani walikuwa wamejaa uani, kila mmoja na mnyama wake mdomoni. Kijana mmoja aliapa kwamba alimwona usiku kwa tochi: mkubwa kama mbwa, ana madoadoa, uso mweusi kama amejifunga kitambaa machoni, nywele za mgongo zimesimama. Mzee mmoja akakata shauri kwamba huyo ni mtoto wa chui. Jirani mwingine alishatuma mtu dukani kuulizia sumu ya kutia kwenye nyama.

Na uwanja ulikuwa umefagiwa safi. Mistari ya ufagio ilionekana kutoka mlangoni mpaka kwenye mpera.

Hapo ndipo kazi yangu ya kusoma nyayo hukwama mara nyingi. Hakuna mama wa kwetu anayependa mgeni akute uwanja mchafu, na simlaumu, lakini ufagio wa alfajiri hufuta karibu kila kitu ambacho mnyama ametuandikia. Ukisikia vurugu bandani usiku, asubuhi zuia watoto, mbuzi na ufagio kwanza. Piga picha kila alama, simu ikiwa juu yake moja kwa moja, na kando weka kiberiti au sarafu ya shilingi 500. Bila kipimo hicho, unyayo wa paka na wa chui hufanana kabisa kwenye kioo cha simu.

Kwa yule mama tulilazimika kusoma pale ambapo ufagio haukufika. Banda lake lina kuta za udongo na paa la bati, na mlango ulikuwa bado umefungwa kwa waya vilevile alivyouacha jioni. Juu, kati ya ukuta na bati, palikuwa na mwanya wa kupitisha ngumi ya mtoto. Kwenye ukingo wa bati zilinasa nywele chache laini, za kijivu na nyeusi. Kuku wawili hawakuwa na vichwa, mmoja kati yao ameliwa kidari pia. Wengine wawili wameng'atwa shingo tu na kuachwa. Kisha nikaenda nyuma ya mpera, kwenye ua, nikakuta lundo la mavi, mapya juu ya makavu, yamejaa mbegu za mapera, nyasi, na pete ngumu za magamba ya jongoo.

Yaani wanyama walikuwa wawili. Aliyeonekana kwa tochi ni fungo, yule wa zabadi, ute wa manukato, ambaye wengine humwita ngawa. Uso wake mweusi ndio kitambulisho chake, na ana desturi ya kurudi kunya mahali pamoja. Hufika kilo 15 na zaidi, hutembea chini, si mpandaji, na kichwa chake hakipiti kwenye mwanya ule hata kwa kusukumwa. Alikuja kuokota mapera na majongoo. Aliyeua ni kanu: mwembamba, kilo mbili hivi, madoa mwilini, mkia mrefu wenye pete nyeusi na nyeupe. Kanu hupanda miti na kuta, na panapopita kichwa chake, mwili wote hupita. Kama ile sumu ingewekwa chini ya mpera, angekufa fungo, labda na mbwa wa jirani, na kanu angerudi kesho yake.

Simtetei fungo kupita kiasi. Kuku anayelala nje chini ya gari bovu, humbeba. Lakini kumwona mnyama si ushahidi kwamba ndiye aliyekula.

Majina nayo hutupotosha. Hapa Kiryandongo tunachanganya lugha nyingi, na kwa Kiswahili chetu cha mtaani kila kinyama chenye madoa huitwa paka pori, na kila kinachoiba kuku huitwa kicheche. Kicheche mwenyewe ni mdogo, mweusi mwenye mistari myeupe mgongoni, na ukimtisha hutoa uvundo usiosahaulika. Ukikwama, muulize Muganda. Wao wana koo zinazobeba majina ya wanyama, na mtu huwa anamjua vizuri mnyama wa ukoo wake: effumbe ndiye fungo, akasimba ndiye kanu, olugave ndiye kakakuona, omusu ndiye ndezi. Ukinipigia simu, usinipe jina. Niambie mkia ulikuwaje, alipanda au alichimba, alikuja mchana au usiku.

Mchana, kundi la vinyama vyenye mistari ya kukata mgongo, vikipiga kelele na kupekua mbolea, hao ni nguchiro. Hutafuta wadudu, ila yai wakilipata hulirusha nyuma kati ya miguu lipasuke kwenye jiwe, kwa hiyo utakuta maganda karibu na kitu kigumu. Mayai yakitoweka bila ganda hata moja, tafuta mstari wa mkia uliokokotwa katikati ya nyayo: kenge. Banda likibomolewa mbao au kuchimbwa kwa chini, kuku wote wakauawa, na mzinga wa nyuki umepinduliwa usiku uleule, huyo ni nyegere, mweusi chini, mweupe wa majivu mgongoni. Usijaribu kumzuia kwa fimbo. Kuku wakitapakaa uani, wamechanwa lakini karibu hawajaliwa, mshuku mbwa wa kijiji kabla ya mnyama yeyote wa porini. Wenye mbwa hawapendi kusikia hili.

Shambani, bua la mahindi au muwa uliokatwa mshazari kama kwa kisu ni kazi ya ndezi. Mihogo iliyofukuliwa na miiba imeachwa ni nungunungu, ambaye, kinyume na wasemavyo, harushi miiba yake. Shimo kubwa lililotokea usiku mmoja kwenye kichuguu ni la muhanga. Anakula mchwa wako bure, mwache.

Usipopata alama, itengeneze. Jioni chekecha majivu ya jikoni, yatandaze mbele ya banda na chini ya mwanya wowote, unene wa kadi ya simu. Asubuhi tazama kucha. Jamii ya paka, kuanzia paka wa nyumbani mpaka chui, huficha kucha wakitembea. Mbwa, bweha, fisi na fungo huziacha ardhini. Ukikuta unyayo wa mviringo, usio na kucha, unaokaribia upana wa kiganja chako, basi huyo ni chui kweli. Mbuzi na watoto walale ndani, usimfuate kichakani, mwite mwenyekiti wa kijiji (LC1) na askari wa mamlaka ya wanyamapori (UWA). Sisi ni majirani wa hifadhi ya Karuma, na nyuma yake iko hifadhi ya taifa ya Murchison Falls. Jambo hilo si la ajabu.

Mnyama wa porini anayetembea mchana akiyumba, haogopi watu, au anamvamia mbwa bila sababu, usimkaribie hata akiwa mdogo. Bweha na nguchiro wanaweza kubeba kichaa cha mbwa. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo kupata chanjo. Kusubiri dalili ni kusubiri kifo.

Kuhusu sumu, nasema kwa ukali: usiiguse. Mwaka 2018, simba 11 walikufa karibu na Hamukungu, ndani ya hifadhi ya taifa ya Queen Elizabeth, kwa kilichoshukiwa kuwa sumu, na wanane kati yao walikuwa watoto. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2019 ina adhabu inayofika kifungo cha maisha kwa makosa dhidi ya wanyama walio hatarini, na kakakuona asiyedhuru hata kifaranga yumo katika ulinzi huo. Sheria hiyohiyo ndiyo iliyoleta mpango wa fidia kwa hasara iletwayo na baadhi ya wanyama, na hapo zile picha zenye kiberiti zina kazi: dai lisilo na ushahidi halifiki mbali.

Yule mama tulimzibia mwanya kwa wavu mgumu wa matundu yasiyopitisha kidole gumba. Wavu laini wa kuku nyegere huuchana. Chini ya kuta nako tuliuweka, tukaukunja kwenda nje kama sentimita 30 na kuufukia, anayechimba akutane nao. Tawi la mpera lililogusa bati tulilikata.

Juzi amenitumia picha. Majivu yana nyayo ndogo zinazozunguka banda mara mbili na kuondoka, kuku wote wapo, na fungo bado anakuja kwa mapera yake. Sasa kuna kitu kinafukua karanga. Nimemwomba apige picha tena, safari hii aweke kiberiti.