Namna ya kuongea hii maneno ya "wanazaliwa ama wanachagua" bila kugombana kwa steji

Hapa Malaba kwa steji ya boda hii mada haiishi: mashoga, wanazaliwa hivyo ama wanachagua? Redio inaanza, mmoja anasema ni Mungu, mwingine anasema ni mzungu, na kabla chai ipoe watu wawili hawasalimiani tena. Mi nimefundisha bailojia, kwa hivyo kila mara naitwa "mwalimu njoo utuamulie", basi wacha niandike mara moja vile mi huingia hayo mabishano na natoka bado niko na marafiki.

Kwanza angalia uko wapi na nani anasikia. Hapa Uganda sheria ya 2023 ya kupinga ushoga ina kosa la kupromoti ushoga na kifungo chake kinafika miaka 20. Korti ya Katiba mwaka wa 2024 iliondoa vipengele vichache tu, kikiwemo kile cha kukulazimisha kuripoti mwenzako, zingine zikabaki. Kwa hivyo ongelea utafiti, usiongelee jirani. Usitaje jina la mtu hata kwa utani, maana utani wa steji umeshafukuzisha watu kwa nyumba.

Alafu usijibu haraka, uliza mwenzako: unasema wanachagua nini? Hapa watu wanachanganya mvuto, kitendo, na jina ambalo mtu anajiita. Kitendo mtu anachagua, sawa, hata padri amechagua kutooa lakini hajachagua moyo wake ushtuke akiona msichana mrembo kwa misa. Swali letu ni hilo la moyo kushtuka. Ukishalitenga hilo nusu ya kelele inaisha. (Na ukiwa na mtu wa Mombasa chunga hata neno lenyewe, kule mwanamke akisema "shoga yangu" anamaanisha rafiki yake, nimeona wazee wakishtuka bure.)

Sasa kuna mtu lazima atasema, Mzee, yaani Rais Museveni, aliuliza wanasayansi mwaka wa 2014 wakamwambia hakuna jeni ya ushoga, ndo akasaini sheria ya kupinga ushoga ya mwaka huo. Ni kweli, hawakupata jeni moja inayosababisha. Lakini hao hao waliandika pia kwamba sio ugonjwa, na hiyo sehemu kwa steji sijawahi kusikia mtu akiikumbuka. Na ni jeni jamani, kile unachorithi kwa wazazi, sio jini, siku moja tulipoteza dakika kumi hapo mzee mmoja akidhani tunaongelea mapepo.

Miaka mitano baadaye, 2019, ukatoka utafiti wa watu zaidi ya 470,000, wengi wa Uingereza na Marekani. Jeni moja hakuna. Walipata sehemu tano za urithi zenye mchango mdogo mdogo, na ukijumlisha urithi wote unaeleza kati ya asilimia 8 na 25 ya tofauti kati ya watu. Usiusukume mbali sana, walichouliza ni kama umewahi kulala na mtu wa jinsia yako, yaani kitendo, na waliopimwa walikuwa wa asili ya Ulaya, sisi hatukuwemo.

Ukiona namba zinawachosha, ita Salongo, yaani baba wa mapacha. Waswa na Kato, ndo majina ya mapacha wa kiume, wale wa kufanana kabisa damu yao ni moja. Mwaka wa 1991 watafiti Bailey na Pillard huko Marekani walitafuta wanaume mashoga wenye pacha: wa kufanana, asilimia 52 ya wenzao nao walikuwa hivyo, wasiofanana asilimia 22. Tafiti za baadaye zilitoa namba za chini. Lakini ona, ingekuwa ni damu peke yake ingekuwa 100, na kama damu haihusiki kabisa hao wa kufanana wasingewashinda wengine.

Hapo mtu ataruka juu, "Si umeona! Basi wanachagua!" Tulia, hii ndo sehemu yenyewe, na jibu langu ni lugha ya mama. Mtoto wa Kiteso akikulia kwa Wagisu huko Mbale ataongea Lugisu safi, hiyo haikutoka kwa jeni, lakini nani alimuuliza akachagua? Kitu kinaweza kukosa kuwa cha damu na bado kisiwe cha kuchagua. Hata tumboni kuna mambo, mwanaume mwenye kaka wakubwa wa mama mmoja uwezekano wake wa kuwa shoga unapanda kama theluthi kwa kila kaka, japo ni theluthi ya kitu kidogo, kwa hivyo wewe wa kaka watano usianze kujiangalia kwa kioo.

Wa "wanalipwa na wazungu" mrudishe kwa padri: pesa inanunua kitendo, moyo haishtui. Na wa "waombewe waache", mwambie kulikuwa na shirika la Kikristo Marekani, Exodus International, kazi yake ilikuwa hiyo ya kubadilisha watu, likafungwa 2013 na kiongozi wake akaomba msamaha, akisema wengi sana aliokutana nao mvuto wao haukubadilika. Hao walikuwa wanataka kubadilika kweli kweli, walifunga, walilia.

Na mtu akiuliza mbona wewe unajua sana hii maneno, lipa chai yake na uulize Arsenal inacheza saa ngapi.