Kuchagua begi la kamera kwa mtu wa daladala na bodaboda

Ukienda kulinganisha mabegi ya kamera, nenda na vifaa vyako. Begi tupu halisemi kweli. Likiwa halina kitu, kila moja linakaa vizuri mgongoni. Mimi napiga picha za harusi hapa Dar, na lenzi ya 70-200mm f/2.8 peke yake ina kilo moja na nusu hivi. Pakia, kaza mikanda, tembea humo dukani hadi mabega yaseme. Mwenye duka akinuna, hamia la pili.

Kubwa zaidi ni zipu inafungukia wapi. Lowepro Flipside hufunguka upande unaogusa mgongo, kwa hiyo kwenye daladala iliyojaa si rahisi mkono wa mtu kupenya. Tena mkanda wa kiunoni ukiwa umefungwa, unalizungusha mbele na kutoa lenzi bila kuliweka kwenye tope. Peak Design Everyday Backpack lina zipu kushoto na kulia: unashusha bega moja, unachomoa kamera, bi harusi hata hajafika mlangoni. Ukumbini nachukua hili, njiani, Flipside.

Zipu ivute kwenye kona, ndiko zinakong'ang'ania. Sponji za kugawa vyumba zibonyeze kwa kidole. Zikibaki na shimo, achana nalo. Mkanda wa kifuani ni lazima kwa bodaboda. Mfuniko wa mvua ukiwa umelowa usiufungie ndani, maana kwa joto letu la pwani ukungu huota kwenye lenzi.