Mtoto mwenye mtindio wa ubongo: usharika uisaidieje familia yake

Msianze na unga na sabuni. Mlezi wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo (ulemavu wa misuli na mwendo utokanao na ubongo kuumia) anachokosa zaidi ni muda, maana mlo mmoja tu waweza kuchukua saa nzima, na mtoto hawezi kuachwa peke yake.

Waende watu wawili kumtembelea, si kwaya nzima. Waulize: kliniki ni lini na nauli ni kiasi gani? Nani humbeba? Siku gani ya wiki ni ngumu zaidi? Majibu yabaki kwao. Yasigeuke ombi la kusomwa kwenye jumuiya bila mama kuridhia. Chanzo cha ulemavu hakiwahusu, wala habari za baba aliyeondoka.

Kisha pangeni zamu: Jumamosi saa tatu hadi saa sita, washarika wawili, walewale kila wiki. Mara tatu za kwanza mama awepo afundishe. Zamu nyingi hufa kwa sababu kila wiki anakuja mtu mpya, na mama anaona heri abaki mwenyewe. Wawe wawili daima, kwa usalama wa mtoto na wao wenyewe pia.

Kulisha ndiko kwenye hatari. Mtoto akae wima, kidevu kikiinama kidogo. Akilishwa amelala au kichwa kikiwa nyuma, chakula huingia njia ya hewa na kuleta nimonia. Tumieni kijiko kidogo, na msiongeze tonge kabla hajameza. Akimaliza abaki wima nusu saa. Akikohoa kila mlo au sauti ikiwa na majimaji, aonwe hospitali.

Baadhi ya watoto hawa wana kifafa pia. Kikianza, mlazeni ubavu, msitie kitu mdomoni, tazameni saa. Kikizidi dakika 5, apelekwe hospitali. Mchungaji atamke wazi kanisani kwamba maombi hayaondoi dawa. Dawa ikikatishwa ghafla, kifafa chaweza kufululiza na kuua. Hili lisemwe hasa kabla ya mkutano wa injili wenye mhubiri mgeni.

Kuhusu kiti cha magurudumu, tunaomba subira. Kile cha dukani, cha saizi ya mtu mzima, kikikabidhiwa Jumapili mbele ya kamera, humwacha mtoto ameegemea upande mmoja. Mgongo hupinda na vidonda hutokea. Mpelekeni kwanza akapimwe na wataalamu wa viungo, kwa mfano hospitali ya CCBRT Dar es Salaam au ya KCMC Moshi. Mchango ulipie nauli, vipimo na matengenezo ya baadaye: tairi hupasuka, mikanda hukatika. Kamati itenge fungu la kila mwezi, hata likiwa dogo. Harambee ya mara moja haiwezi kulipa bajaji ya kliniki ya Agosti.

Kwenye jengo la kanisa, fundi wa mteremko wa kiti apewe hesabu hii: kila sentimita 1 ya kimo, sentimita 12 za urefu wa mteremko. Ngazi tatu za sentimita 15 zinafika sentimita 45, kwa hiyo mteremko uwe na mita 5.4. Wengi hujenga mita mbili kwa kubana nafasi, na kiti kinarudi nyuma na mtoto wake. Upana uwe sentimita 120, kingo ziinuliwe kidogo, juu pawe na sehemu tambarare ya mita 1.5. Msipige niru ya kulainisha, sakafu ikwaruzwe kwa ufagio saruji ikiwa mbichi, la sivyo mvua itaifanya telezi.

Ndani, fupisheni benchi moja la katikati ili kiti kikae pamoja na familia, mbali na spika. Shule ya Jumapili imtafutie mtoto msaidizi mmoja, na mwalimu azungumze naye mwenyewe, si na mama juu ya kichwa chake. Asiyesema anaweza kujibu kwa macho. Ulizeni nyumbani “ndiyo” yake ikoje.