Nguzo mbichi hainywi dawa

Kila ninapoitwa kutazama uzio ulioliwa na mchwa, huuliza kwanza: nguzo zilikatwa lini, na dawa ilitiwa lini? Jibu karibu siku zote ni lilelile. Zilikatwa Jumatatu, Jumamosi zikatiwa dawa. Ndugu mkulima, hapo fedha yako umeimwaga.

Mti mbichi umejaa maji, kwa hiyo dawa za mafuta kama kreosoti hazina pa kuingia. Hubaki juujuu tu. Kisha nguzo hukauka ikiwa tayari imesimama shambani, ikapasuka, na kila ufa ukawa mlango wa kufikia mti ambao dawa haikuugusa. Chumvi za boroni huweza kupenya mti mbichi, lakini maji ya udongoni huziosha. Hizo ziwekee mbao za paa.

Menya magome mapema, pamoja na utando wa ndani. Panga nguzo kivulini penye upepo, zikiwa zimeinuliwa sentimita 30 kutoka chini, na zisigusane. Zikae muda gani? Usihesabu siku, pima. Tia alama nguzo 3, ikiwemo iliyo nene kuliko zote, uzipime kila wiki mpaka uzito uache kushuka. Nguzo nene huchukua miezi. Unyevu usizidi asilimia 25 ya uzito wa mti mkavu: kata kipande katikati ya nguzo, si nchani, kwa kuwa ncha hukauka mapema na itakudanganya. Kipande cha gramu 500 kikikaushwa ovenini hadi uzito utulie, kisishuke chini ya gramu 400. Kikishuka, subiri.

Kukata na kutoboa kote kumalizike kabla ya dawa. Nimeona watu wakipunguza nguzo iliyokwisha kutiwa dawa, halafu wakazika upande ule ule waliokata! Tafadhali, acheni.

Brashi haitoshi kwa nguzo ya kuzikwa. Loweka kitako: ikiwa itazikwa sentimita 60, dawa ifike sentimita 90, maana kuoza hushika zaidi pale udongo unapokutana na hewa. Muda wa kuloweka ni ule ulioandikwa kwenye chombo cha dawa, haupunguzwi. Vaa glavu, na mabaki yasigeuzwe kuni.

Pasua nguzo moja. Rangi ya dawa ikiwa imeenea sehemu nyeupe ya nje pande zote, simamisha uzio.