Kutoka Kwenye Viazi Kurudi Kwenye Programu

Mwongozo huu ni wa mtu aliyewahi kuandika programu, akaacha, akaingia kwenye biashara ya viazi, mchele au parachichi, na sasa anataka kurudi. Mimi nimerudi, niko Mbeya. Wengi ninaowaona wakikwama huanza na kozi ya wanaoanza kabisa, wakachoka kabla hawajafika walipoishia zamani. Usipite huko.

Hatua ya 1: Fufua mradi wako wa zamani

Utafute kwenye flashi au barua pepe, uuwashe kwenye matoleo ya leo. Mradi utagoma, na ndicho tunachotaka. Kama ni PHP, `mysql_connect`, amri ya zamani ya kuunganisha hifadhidata, iliondolewa kwenye PHP 7 mwaka 2015. Hamia PDO, njia mpya ya PHP kuongea na hifadhidata, na taarifa za mtumiaji zipitie `prepare`, ili zisigeuke amri za hifadhidata. Kama ni Python 2, ilifungwa rasmi Januari 1, 2020: sasa `print` inadai mabano, na 3/2 inatoa 1.5 badala ya 1. Ukipeleka kazi GitHub (tovuti ya kuhifadhi programu) kwa Git (zana ya kufuatilia mabadiliko), nywila ya akaunti haikubaliwi tangu Agosti 2021. Tengeneza ufunguo wa SSH, faili linalokutambulisha badala ya nywila. Andika kila kosa unalokutana nalo. Orodha hiyo ndiyo mtaala wako.

Hatua ya 2: Tengeneza daftari la biashara uliyoifanya

Hapa ndipo unapomzidi kijana aliyetoka chuoni jana. Mwambie atengeneze mfumo wa mnunuzi wa viazi Uyole: ataweka safu ya "magunia", azidishe kwa bei, amalize. Wewe unajua lumbesa, gunia linalojazwa kupita kipimo, iliyokatazwa na bado ipo, kwa hiyo gunia halikuambii uzito. Hifadhi kilo za mizani, na idadi ya magunia iwe safu yake, maana kuli anadai kwa gunia.

Unajua pia mali kauli: mzigo umeshaondoka, hela haijaingia. Ndiyo maana safu ya "amelipwa: ndiyo/hapana" haifai kabisa. Mkulima hupewa kidogo leo, kingine gari likirudi kutoka Dar. Tengeneza majedwali matatu: wakulima, mizigo, malipo. Deni usilihifadhi popote. Likokotolewe kila linapoulizwa, thamani ya mizigo ukitoa malipo.

Shilingi ziwe namba kamili. Namba ya simu iwe maandishi, la sivyo sifuri ya mbele itapotea. Tumia SQLite kama hifadhidata: ni faili moja, haihitaji seva, na bando likiisha kazi inaendelea.

Hatua ya 3: Kaa gulioni na programu yako

Mwombe mtu mnayefahamiana: "Shikamoo mama, naomba leo niandike mizigo yako humu, na daftari lako liendelee kama kawaida." Jioni linganisheni. Pasipolingana, anza kukagua programu yako, si daftari la mama. Angalia pia anachokitafuta akifungua daftari. Mara nyingi ni jina la mkulima anayemdai, na hilo ndilo liwe ukurasa wa kwanza.

Hatua ya 4: Ionyeshe

Iweke GitHub ikiwa na maelezo mafupi na picha za skrini. Majina na simu ziwe za kubuni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, na hata isingekuwepo, wateja wa mtu hawaanikwi. Kwenye wasifu, miaka ya viazi usiifiche. Iandike kama kazi: ulinunua, ulipanga usafiri, ulisimamia madeni.

Hatua ya 5: Tafuta kazi

Kabla ya kampuni za Dar, gonga milango ya karibu: AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima), SACCOS (vyama vya akiba na mikopo), wanunuzi wa parachichi Rungwe na Njombe, maghala ya mchele Kyela. Biashara usiifunge bado. Ndiyo inayolipa bando. Mteja akikubali, andikishianeni kazi inaishia wapi na matengenezo ya baadaye yanalipwaje, kisha chukua nusu ya malipo kabla hujafungua laptopu.