Machweo ya Santorini ukiwa botini: anza na upepo ndo ukate tiketi

Watu wengi wakienda kisiwa cha Santorini wanakosea kitu kimoja, trip ya boti ya jioni wanaiweka siku ya mwisho eti iwe ya kufungia likizo. Usifanye hivo. Iweke siku ya pili baada ya kufika, kwa sababu huko Ugiriki kiangazi kuna upepo wa kaskazini unaitwa meltemi, Julai na Agosti ndo unachachamaa, yani unaweza kuamka anga bluu hamna hata wingu, unavaa unajipulizia manukato, halafu unaambiwa leo mamlaka ya bandari imezuia boti kutoka. Kama una siku mbele unasogezwa kesho. Kama ndege ni kesho asubuhi basi ndo imeisha hivo. Mi ukiniuliza mwezi nakwambia mwisho wa Mei au Septemba, jua lipo na upepo mara nyingi una adabu kidogo.

Saa nazo ziangalie. Mwezi wa sita jua linazama kama saa mbili na nusu usiku, mwisho wa Septemba ni saa moja na dakika kumi hivi, na trip yenyewe inachukua kama masaa matano, kwa hiyo usipange kitu kingine mchana huo.

Boti nyingi zinatokea bandari ya Vlychada kusini, nyingine Ammoudi, ile bandari ndogo iliyo chini ya kijiji cha Oia, na Ammoudi ukitaka kushuka kwa miguu ni ngazi mia mbili na zaidi, kushuka raha kupanda utajuta, so uliza kama usafiri wa kutoka hotelini upo ndani ya bei. Uliza pia mtakuwa wangapi, na uliza wazi kabisa: matanga mtapandisha au ni injini mwanzo mwisho? Maana kwenda kaskazini mnakuwa mnaukabili upepo, wengi wanatumia injini tu, tanga linapandishwa wakati wa kurudi upepo ukiwa mgongoni, na wengine hata hapo hawajisumbui. Kama tumbo lako jepesi chukua katamarani, ina viboti viwili chini haiinami sana, na dawa ya kichefuchefu meza kabla ya kupanda, ukingoja mpaka uanze kutapika umechelewa.

Ukitokea Vlychada mnapita Red Beach na White Beach, mnazunguka mnara wa taa wa Akrotiri ndo mnaingia kwenye kaldera, lile shimo kubwa lililobaki baada ya volkano kulipuka kama miaka 3,600 iliyopita. Katikati kuna Nea Kameni, kisiwa cheusi tii, kilichofoka mara ya mwisho 1950, na jirani yake Palea Kameni ndo kwenye zile chemchemi wanazoziita za moto. Moto wenyewe sasa... ni uvuguvugu bana. Boti inasimama mbali, unajirusha kwenye maji ya baridi unaogelea mpaka yabadilike rangi yawe ya kahawia, yananuka salfa na yana chuma, kwa hiyo nguo nyeupe ya kuogelea utaisahau na cheni ya silva iache kwenye begi. Hujui kuogelea vizuri? Omba laifu jaketi au baki juu kula, wenzako wakirudi wanatetemeka we ushashiba. Chakula kinachomwa humohumo na mvinyo mweupe wa Assyrtiko, zabibu za hukohuko, upo, ila kunywa taratibu, jua na chumvi vinaharakisha kichwa.

Viatu mnavua mnapopanda, usihangaike na sendo kali. Zile nyavu za kulalia mbele ya katamarani kila mtu anazigombania na ndo zinarushiwa maji, simu weka kwenye mfuko usioingiza maji.

Jua likikaribia kuzama mnasogea upande wa Oia, pale maji ni marefu mno hata nanga haifiki, nahodha anazima injini mnaelea tu. Na hapa sikiliza: wote watageukia magharibi na simu juu, we piga picha mbili zako kisha geuka nyuma. Ule ukuta wa mwamba unaangalia magharibi, kwa hiyo mwanga wote unaangukia hapo, unatoka njano unakuwa chungwa unakuwa waridi, na juu kule kwenye magofu ya ngome ya Oia unaona umati umebanana kama daladala ya jioni. Jua likishazama usikimbilie kukaa ndani, rangi zinaendelea kama dakika ishirini.

Halafu baridi inakuja ghafla, aisee, hata Agosti. Sweta iwe juu kabisa kwenye begi, maana giza likiingia na boti imeanza kukimbia hutaki kuwa unachimbua chini ya taulo mbichi la mtu.